Gesi ya AC Haiishi Kama Mafuta ya Gari

Msimu wa joto ukianza, simu tunazopokea hufanana: "Fundi, AC haipoozi, njoo uongeze gesi." Tukifika na kupima, mara nyingi tunakuta gesi imo, kiasi kilekile ilichotiwa siku ya kwanza. Kinachokosekana ni hewa. Chujio limeziba kwa vumbi, koili ya ndani (mabomba yenye mikunjo yanayopooza hewa) imevaa utando mweusi, feni inasukuma kwa shida. Tunasafisha, baridi inarudi, na mteja anatuuliza kwa nini basi mwaka jana alitiwa gesi, na mwaka juzi pia.

Swali hilo linatuuma, kwa sababu watu wanalipia kitu ambacho hawakukihitaji. Gesi ya AC haiungui wala haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: chumbani inafyonza joto, nje inalitoa, kisha inarudi tena. Bomba likiwa zima, mzunguko huo unaweza kwenda miaka 10 na zaidi bila kuongezwa hata gramu moja. Ikipungua, pana tundu. Anayeongeza gesi bila kulitafuta tundu hilo anajaza ndoo iliyotoboka.

Kwa hiyo akija fundi yeyote, awe wetu au mwingine, mwulize tundu liko wapi. Kazi ya haki huanza kwa kujaza naitrojeni kwenye mabomba, kuona kama presha inashuka, na kupaka povu la sabuni kwenye viungo. Tundu likishazibwa, hewa na unyevu hunyonywa kwa pampu hadi mabomba yawe makavu kabisa. Ndipo gesi inatiwa kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kupima kwa kushika bomba na kusema "imetosha" ndiko kunakoua kompresa, yaani mota inayosukuma gesi mabombani.

Sasa tundu lenyewe hutoka wapi? Karibu na bahari, jibu mara nyingi ni chumvi. Upepo hubeba chembe zake, zikatua kwenye mashine ya nje, katikati ya yale mapezi membamba ya alumini yaliyoshikana na bomba la shaba. Chumvi huvuta maji hewani, kwa hiyo hata usiku usio na mvua mapezi yanabaki na unyevu. Alumini, shaba na maji ya chumvi vikikutana, umeme mdogo unapita kati yao na alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe, kisha mapezi yanavunjika kama majivu ukiyagusa. Joto linakosa njia ya kutokea, kompresa inafanya kazi mara mbili, na bili ya umeme inapanda wakati chumba bado kina fukuto.

Dawa yake ni maji baridi ya bomba. Zima swichi kuu ya AC, subiri feni isimame, kisha mwagia mapezi maji kwa nguvu ndogo, moja kwa moja na si kwa mshazari, yasije yakapinda. Nyumba inayopigwa na upepo wa bahari ifanyiwe hivyo kila mwezi. Msitumie mashine ya kuoshea magari, na msimwagie koili dawa ya kufulia ya klorini. Tumeona koili nzima iliyotafunwa na dawa iliyokusudiwa kuisafisha. Mashine zenye mapezi ya rangi ya bluu au dhahabu zimepakwa kinga, nayo inasaidia, lakini haiondoi haja ya kuosha.

Adui wa pili ni unyevu, na huyu anadharauliwa mno. Mwaka 1902 Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kwanza, alikuwa akitatua shida ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York: karatasi zilivuta unyevu zikabadilika ukubwa, na rangi zikawa hazikai mahali pake. Shida iliyomwitia kazi ilikuwa unyevu, na kwa watu wa mwambao hiyo bado ni sehemu kubwa ya kazi ya AC. Kila lita ya maji inayodondoka kwenye mpira wa nje ilikuwa mvuke chumbani, na kuugeuza kuwa maji kunaidai AC iondoe joto la kilojuli 2,400 hivi. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) ikitoa lita moja kwa saa, karibu moja ya tano ya nguvu yake imeishia hapo.

Ndiyo maana tunapenda jaribio la ndoo. Usiku wa fukuto, milango ikiwa imefungwa, kinga ndoo chini ya mpira wa maji kwa saa moja. Pakiwa pakavu, ama mpira umezibwa na ute na maji yatashukia ukutani, ama koili ya ndani haipati ubaridi wa kutosha. Ukiona barafu kwenye koili, zima ubaridi na uache feni peke yake hadi iyeyuke, kisha angalia chujio kabla ya kufikiria gesi. Chujio lioshwe kila wiki mbili.

Kuhusu kununua mpya, kosa tunaloliona zaidi ni ukubwa. Mtu anachukua BTU 24,000 kwa chumba cha BTU 12,000 akidhani atastarehe zaidi. Mashine inafikia nyuzi ulizoweka kwa dakika chache, inazima kabla haijakausha hewa, na mnalala kwenye ubaridi wenye majimaji, nguo zinanuka kuvu kabatini. AC ya inverta iliyopimwa sawasawa hupunguza mwendo badala ya kuzima, ikaendelea kukausha hewa usiku kucha. Lakini kabla ya hapo zibeni nyufa za milango na madirisha, na msianike nguo chumbani.

Kama mashine yako bado inatumia gesi ya zamani ya R-22 na koili imeoza, usiitengeneze. Gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni, na kila mwaka itakuwa ngumu zaidi kuipata. Mashine nyingi mpya hutumia R-32, ambayo athari yake kwa joto la dunia ni kama theluthi ya ile ya gesi iliyoitangulia, R-410A. Inaweza kushika moto kwa kiasi fulani, kwa hiyo asichomelee bomba mtu asiyeijua. Mabomba ya zamani nayo yana oili isiyopatana na ya mashine mpya. Sisi hupendelea kuyabadilisha kabisa.

Ukitupigia, tutumie kwanza picha ya kibandiko cha mashine ya nje na nyingine ya mapezi kwa karibu, na utueleze ndoo ilipata maji kiasi gani. Kwa hayo matatu tutajua tuje na pampu na mizani, au tuje na brashi tu.