Hisabati nyepesi isiwe ya walioshindwa

Mhariri,

Aprili 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alipotangaza kwamba Hisabati itakuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa Sekondari ya Juu (Gredi ya 10 hadi 12), sisi walimu wa somo hili tulishusha pumzi. Mwezi mmoja tu awali tulikuwa tumeambiwa kwamba anayechukua mkondo wa Sanaa na Michezo au wa Sayansi ya Jamii angeweza kumaliza Gredi ya 12 bila kugusa kitabu cha hesabu. Kelele zikapigwa, uamuzi ukageuzwa, na sasa tuna Hisabati mbili: nzito kwa wanafunzi wa STEM, yaani mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na nyepesi kwa mikondo hiyo miwili. Gredi ya 10 ya kwanza imeshaingia darasani. Naandika kuhusu hiyo nyepesi, maana nzito ina watetezi wa kutosha.

Njia hii tumewahi kuipita. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari katika mfumo wa zamani, ina Hisabati ya Chaguo B, iliyopunguzwa uzito kwa ajili ya wasiolenga sayansi. Kwenye orodha ya masomo ya KNEC, Baraza la Mitihani, imo, lakini wanaoifanya ni wachache mno. Kwa maoni yangu kilichoiua si maudhui yake. Mwalimu mkuu gani angetaka shule yake ijulikane kwa kusajili watahiniwa wa B? Mzazi naye akisikia hiyo B alijua mwanawe ameshushwa daraja. Safari hii mwanafunzi hana hiari, kwa hivyo somo halitakosa watu. Ninachohofia ni lipewe vipindi vya jioni darasa likiwa limechoka, mwalimu yeyote aliyepungukiwa na vipindi, na sura zilezile za vitabu vya zamani zikiwa zimefyekwa zile ngumu.

Chukua mfano wa kodi ya mapato, ambayo tunaifundisha Kidato cha Tatu. Katika sehemu ya pili ya karatasi ya KCSE mtahiniwa huchagua maswali matano kati ya manane, na likitokea swali la kodi, wengi hulikimbilia. Hatua zake wamezikariri: jedwali hilo hapo, zidisha, jumlisha, toa nafuu. Baadhi ya maswali ya marudio bado yanataja pauni za Kenya, na kila mwaka kuna mtoto anayeuliza ni pesa ya wapi. Lakini mwandikie mwanafunzi huyohuyo ubaoni hati ya mshahara wa Sh50,000 na umwache aitafute kodi mwenyewe. Darasani kwangu karibu wote walikata kodi kwenye Sh50,000 nzima. Tangu mwisho wa Desemba 2024, sheria inasema makato ya SHIF (bima ya afya), ushuru wa nyumba na NSSF (akiba ya uzeeni) yatolewe kwanza, ndipo kodi ihesabiwe. SHIF ni asilimia 2.75, yaani Sh1,375, na ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani Sh750. Kwa kuwa mshahara huo unafika kwenye daraja la kodi la asilimia 30, makato hayo mawili pekee, yakitangulia, humpunguzia mfanyakazi kodi ya Sh637.50 kila mwezi. Kipindi kizima kilikwisha tukibishana kipi kitangulie kipi, na waliobisha zaidi ni wale ambao kwa kawaida hukaa nyuma kimya.

Hakuna aljebra ngumu hapo, ila kuna kufikiri. Vivyo hivyo mikopo ya simu. Tuseme mtu amekopa Sh5,000 za kulipa baada ya siku 30 kwa ada ya asilimia 8. Muulize mwanafunzi riba ya mwaka ni ngapi, atakujibu 96, kwa kuzidisha 8 mara 12. Anayekopa tena kila mwezi ili kulipa deni la mwezi uliopita, ada ikipanda juu ya ada, baada ya miezi 12 anadaiwa Sh12,591. Hiyo ni riba ya asilimia 152. Vijana hawa wakitimiza miaka 18 na kupata kitambulisho, simu itaanza kuwatongoza wakope kabla hata hawajapata kazi.

Halafu kuna takwimu. Uchaguzi Mkuu wa 2027 unakuja, na kura za maoni zitamwagika. Utafiti uliohoji watu 1,000 waliochaguliwa bila upendeleo unaweza kukosea kwa takriban asilimia 3 juu au chini. Mgombea mmoja akipata 34 na mwenzake 32, hakuna anayejua nani yuko mbele, ingawa magazeti, Mhariri, uniwie radhi, hayakosi kutuandikia kwamba fulani "anaongoza". Ukitaka kosa hilo lipungue hadi nusu, lazima idadi ya watu unaowahoji iwe mara nne, kwa kuwa kosa hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha idadi hiyo, na kipeuo mwanafunzi alikwisha kukisoma. Mwanahabari wa kesho yumo katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Nani anahitaji somo hili kuliko yeye?

Kufundisha namna hii ni kazi kuliko kufuata kitabu. Nchi hii ilianzisha mradi wa SMASSE mwaka 1998 kwa msaada wa Japani ili kuwafunza walimu wa Hisabati na sayansi walio kazini, na matunda yake, kituo cha mafunzo ya walimu cha CEMASTEA, yapo hadi leo. Walimu watakaopewa Hisabati nyepesi wapelekwe huko nao, wasiwe wale wa STEM peke yao. Na shule ziache kulipangia somo hili mabaki ya ratiba.

Ombi langu kubwa ni kwa KNEC. Gredi ya 10 ya sasa itafanya mtihani wa mwisho mwaka 2028. Sote tunajua kwamba walimu hufundisha kinachotahiniwa, hata tukikana. Karatasi za mfano za Hisabati nyepesi zitolewe mwaka huu, zikiwa na hati za mshahara, mikataba ya mikopo na majedwali ya sensa ya 2019 jinsi yalivyochapishwa. Zikichelewa hadi Gredi ya 12, tutakuwa tumeshafundisha miaka miwili ya Chaguo B.

Mwalimu wa Hisabati,
Kitui