Milioni 700 za Owino Uhuru zisiishie kwa miche ya alizeti

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Tangu Mahakama ya Juu irudishe Desemba 2024 ile hukumu ya 2020 ya Owino Uhuru, kile kijiji kilichochafuliwa na risasi (sio ya bunduki, ni ile metali yenye sumu, lead) ya kiwanda cha betri, hapa Mombasa mazungumzo ni bilioni 1.3 za fidia tu, nani atapata ngapi, na sisemi ni vibaya, watu wameumia miaka mingi wacha walipwe. Lakini hukumu hiyo ilikuwa na kipande cha pili ambacho naona kinarukwa, kwamba udongo na maji yasafishwe ndani ya miezi 4 la sivyo zitoke milioni 700 za kazi hiyo. Hapo ndipo nataka tuongee, manake pesa ya fidia ina wenyewe watakaoifuata kortini, hii ya kusafisha mchanga nani ataililia?

Kuna wanaosema tupande alizeti zinyonye sumu. Jamani! Risasi iliyotoka kwa kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu sio mafuta ya meli yaliyomwagika useme kuna bakteria watayala yaishe, hii ni metali, haiozi, na ikishashikana na udongo mmea unavuta kidogo sana, utapanda uvune upande uvune na mtoto bado anachezea hapo hapo. Na hizo alizeti zenye sumu utazipeleka wapi, si mbuzi watazila tu. Wengine humwagia kemikali ya kuilegeza risasi ili mmea uivute vizuri, sasa hiyo nayo inaishusha mpaka kwa maji ya chini, visima navyo viharibike.

Waende waulize Zamfara, Nigeria. Kule 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi ya mawe ya dhahabu yaliyokuwa yakisagwa majumbani. Walichofanya ni kukwangua udongo wa juu kwa majembe, vijana wa kijiji wenyewe wakilipwa, wakauzika mbali kwa shimo maalum, wakarudisha udongo safi. Kijiji cha Bagega kikakamilika 2013. Hakuna maajabu hapo, ni jasho na usimamizi.

Teknolojia mpya ninayoitaka mimi ni mbili tu. Ya kwanza ni kile kimashine cha mkononi kama bunduki, unakielekeza chini na kwa muda wa dakika moja hivi kinakusomea risasi ni kiasi gani, hicho kipite nyumba kwa nyumba, uani, jikoni, chini ya mabati ambako mvua inaangusha vumbi, na ramani ibandikwe kwa ukuta kila mtu aione. Ya pili utacheka, ni mifupa ya samaki. Marekani, mtaa wa South Prescott kule Oakland, serikali ilichanganya unga wa mifupa ya samaki kwa udongo wa nyua za watu, manake fosfeti iliyo kwa mfupa inashikana na risasi inakuwa kitu kigumu ambacho hata mtoto akikimeza tumbo halikichukui kirahisi. Risasi haiondoki, inafungwa tu, kwa hivyo palipozidi sana bado pachimbwe. Lakini sisi tuna viwanda vya samaki aina ya mbuta Kisumu, mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, unauzwa bei ya kutupa, mbona vyuo vyetu visijaribu kwa kiploti kidogo pale kijijini kabla ya kuagiza madude ya ng'ambo kwa tenda?

Na kazi ya koleo wapewe vijana wa Owino Uhuru wenyewe, wakiwa na maski na mahali pa kuoga kabla ya kurudi nyumbani, sio kontrakta aje na wafanyakazi wake halafu apotee. Tena kabla kuchimba kuanza watoto wapimwe damu upya, hasa waliozaliwa baada ya kiwanda kufungwa 2014, manake wakipatikana na risasi hao hawakuvuta moshi wowote, yaelekea wameitoa kwa udongo huo huo tunaoambiwa ungoje.

Mkazi wa Jomvu,
Mombasa