Binti yetu kafika Berlin ila pesa yake bado imefungwa, tumalizie tulichoanza

Assalam aleikum na habari za saa hizi wana Lindi wote, wa Mtanda, Mikumbi, Ng'apa, Mitwero, mpaka Mchinga na Mtama huko, na nyie mlioko Dar. Kamati imenipa mimi katibu kazi ya kuandika hii mana maneno mtaani yamekuwa mengi, watu wanauliza jamani si tulishachanga ya kumpeleka binti yetu kusoma chuo Ujerumani, yale mamilioni yameenda wapi, mbona kopo linapita tena. Ni swali la haki kabisa. Aliyetoa elfu mbili yake ana haki ya kuuliza sawasawa na aliyetoa laki tano, kwa iyo naeleza yote alafu kila mtu apime mwenyewe.

Hela haijaliwa. Ipo Ujerumani, ipo kamili na ipo kwa jina la binti mwenyewe, ila hawezi kuishika.

Iko hivi. Vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada hata kwa mgeni, unalipa mchango wa muhula tu (jimbo la Baden-Württemberg ndo linatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, yuro 1,500 kila muhula tangu 2017, ndo mana binti akaachana na vyuo vya huko akaomba Berlin). Lakini ubalozi hawakupi viza mpaka uonyeshe una hela ya kula na kulala mwaka mzima, na hiyo hela wanataka iwekwe kwenye akaunti maalum, wenyewe wanaiita Sperrkonto, yuro 11,904. Piga hesabu mwenyewe, yuro moja inakaribia shilingi elfu tatu, ni zaidi ya milioni 30. Ndo ile tuliyoihangaikia wote, mjomba wake akauza shamba lake la mikorosho, mama akachukua mkopo kwenye kikoba, ndugu wa Dar wakajazia, na sisi harambee yetu ikafunga hesabu. Sasa ile akaunti inamwachia mwenyewe yuro 992 tu kila mwezi, na haianzi kumwachia mpaka awe na akaunti ya kawaida ya benki kule. Benki nyingi zinataka uwe umejiandikisha makazi. Kujiandikisha makazi unatakiwa uwe na karatasi ya mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake, ni kama ile barua ya mwenyekiti wa mtaa huku kwetu, bila hiyo hakuna kinachoenda. Na mwenye nyumba hakupi chumba wala karatasi mpaka umlipe dhamana, ambayo sheria yao inamruhusu kudai hadi kodi ya miezi mitatu. Mnaona mduara huo? Ili apate hela yake anatakiwa kwanza awe na hela.

Na hilo tulilijua, tusionekane hatukujipanga. Aliondoka na bahasha ya yuro mkononi kwa ajili ya dhamana na kuanzia maisha. Yaliyompata njiani ndo yametufikisha hapa.

Viza ilichelewa sana kutoka. Muhula wao wa baridi unaanza tarehe 1 Oktoba na vipindi katikati ya mwezi, yeye viza kaipata siku zimeshabana, na tiketi za ndege za dakika za mwisho bei zake mnazijua. Kwenda Berlin moja kwa moja ilikuwa haishikiki. Ikapatikana ya bei nafuu Dar mpaka Istanbul alafu Budapest, kule Hungaria, na kwa kuwa viza ya masomo ya Ujerumani inakuruhusu kupita nchi zingine za Schengen (zile nchi za Ulaya zenye makubaliano ya viza ya pamoja) akasema sawa, kutoka pale nitapanda treni. Kwenye ramani ni mstari mmoja tu, Budapest, Bratislava, Brno, Prague, Dresden, Berlin. Kwa mtoto ambaye safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa basi la Lindi kwenda Dar ni kitu kingine. Hungaria wanatumia forinti, Slovakia yuro, Cheki wanatumia koruna, yeye ana yuro peke yake, na kila akitaka kununua maji au kuingia choo cha stesheni inabidi abadilishe na kila akibadilisha inaliwa kidogo. Laini ya simu aliyonunua uwanja wa ndege ikamgomea, kwa iyo sisi huku tukakaa muda mrefu hatumpati, mama yake alikuwa halali, anakuja kwangu usiku kuuliza kama kuna voisi yoyote imeingia.

Treni ilichelewa njiani, kufika Prague ile ya kuunganisha imeshaondoka. Akabaki usiku. Stesheni kuu ya Prague usiku wa manane inafungwa kwa saa kadhaa na watu wote wanatolewa nje, yeye hakujua, kajikuta nje kwenye baridi na sweta lile la shule, na sanduku, na begi la mgongoni. Katika kuhangaika kutafuta pa kujikinga na upepo akaweka begi chini kidogo kufunga kamba za viatu na kujifunika khanga, kugeuka begi halipo. Lilikuwa na laptop, vyeti nakala, na ile bahasha. Alhamdulillah pasipoti na barua ya chuo alikuwa amezifunga kiunoni ndani ya nguo kama bibi yake alivyomfundisha, vinginevyo leo tungekuwa tunaongea mengine kabisa. Asubuhi akapanda treni ya kwanza, kufika mpakani mwa Ujerumani polisi wakaingia kukagua (Ujerumani wamerudisha ukaguzi kwenye mipaka yao yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024), wakaangalia pasipoti, wakasoma barua ya chuo, wakamrudishia akaendelea.

Saivi kahifadhiwa na familia moja ya Kitanzania pale Berlin, Mungu awalipe, ila anwani yao hawezi kuitumia kujiandikisha mana mkataba wao wa nyumba hauruhusu mtu wa ziada. Vipindi anahudhuria, anaandika kwa mkono kwenye daftari na kazi za chuo anazifanya kwenye kompyuta za maktaba mpaka inapofungwa.

Naomba niseme na kwa nini huyu, mana wapo wanaosema mbona watoto ni wengi. Kweli ni wengi na wote ni wetu. Huyu anasomea miamba na mifupa ya kale. Kila mtu wa Lindi kasikia habari ya mjusi wa Tendaguru, yani dinosaria, yule mnyama mkubwa wa kale, pale karibu na Mipingo. Mwaka 1909 mpaka 1913, Majimaji ikiwa imeisha juzi tu, Wajerumani walichimba pale, na waliochimba hasa na kubeba ni babu zetu, mamia yao, mifupa vichwani na mabegani kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini hapa Lindi, ikapakiwa melini, zaidi ya tani 200. Fundi mkuu wa uchimbaji alikuwa mtu anaitwa Boheti bin Amrani, jina lake limebaki kwenye maandishi yao. Yule mjusi alisimamishwa 1937 makumbusho ya Berlin na bado yupo pale, zaidi ya mita 13 kwenda juu, dunia nzima inakwenda kumwangalia. Suala la kumrudisha limesemwa mpaka bungeni kwetu. Na mimi nasema kwa moyo wangu wote, iwe atarudi au asirudi, tunahitaji mtu wa kwetu anayeweza kuisoma ile mifupa, akarudi Tendaguru na wanafunzi wake, akakaa meza moja na hao wazungu akaongea nao kitaalam. Mlima bado upo na ardhini kule bado kuna kitu. Binti huyu tangu yupo sekondari anaongea hilo hilo, walimu wake ni mashahidi.

Sasa tunachohitaji. Kimepatikana chumba kwenye nyumba ya kushirikiana, yuro 480 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka dhamana ya miezi miwili na kodi ya kwanza, na karatasi ya makazi anatoa. Bima ya afya ya mwanafunzi ni lazima na ni yuro 140 na kitu kwa mwezi, tumlipie miwili. Laptop ya mtumba 350, na koti la baridi la mtumba na viatu 80, mana Novemba ndo hii na Januari kule maji yanaganda. Jumla ni kama yuro 2,150, yani milioni 6 na laki 3 hivi. Mpaka naandika mkononi tuna milioni 1 na laki 9, imetoka kwa walimu wake wa zamani, kina mama wa soko la samaki, na vijana wa bodaboda wa stendi ambao waliamua wenyewe bila kuombwa. Chumba kinasubiriwa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo anapewa mwingine.

Najua korosho ndo kwanza zipo mnadani na wengi hamjalipwa. Anayesubiri hela ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) aje aandike ahadi, tutamfuata akishalipwa, kuna ndugu amekubali kutukopesha kwa ahadi zilizoandikwa na kusainiwa. Wajomba mlioko Dar na nje tumeni kwenye namba ya kikundi ile ile ya harambee ya kwanza, lazima litokee jina la kikundi, likitokea jina la mtu binafsi usitume, nipigie kwanza. Elfu moja inapokelewa na inaandikwa.

Harambee yenyewe ni Jumapili hii baada ya alasiri, uwanja wa shule ya msingi. Kutakuwa na mnada, walioahidi kuku, pweza mkavu, mikeka na madumu ya asali waje navyo mapema. Karatasi za ile akaunti ya Ujerumani tumeziprint, zitabandikwa ubaoni kila mtu asome mwenyewe, na mtunza hazina atasoma majina na kiasi kimoja kimoja, cha zamani na kipya. Siku chumba kikilipwa risiti inarushwa kwenye grupu siku hiyo hiyo, na mwezi wa kwanza atakaopokea ile 992 yake mama anaanza kurejesha mkopo wa kikoba, hilo binti kaliahidi kwa sauti yake na voisi tutaicheza pale uwanjani mbele ya watu wote.