Orodha badala ya thamani moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wenzangu wanaoandika programu za Python zinazotumia hifadhidata ya Oracle jambo moja linaloendelea kuwasumbua wanaojifunza. Tangu toleo la 7 la cx_Oracle, maktaba inayoiunganisha Python na hifadhidata hiyo, lililotoka mwaka 2018, kigeu kilichofungwa kwenye amri yenye kifungu cha RETURNING INTO, kinachorudisha thamani kutoka kwenye safu mlalo zilizoguswa na amri, hurudisha orodha, hata pale ambapo ni safu mlalo moja tu iliyoguswa. Na python-oracledb, iliyochukua nafasi ya maktaba hiyo mwaka 2022, imeurithi utaratibu huo.

Mifano iliyoandikwa kabla ya hapo humwonyesha msomaji akipokea namba 57 moja kwa moja, ilhali leo atapata orodha yenye 57 ndani yake, na programu itakayojaribu kuijumlisha na 1 itakwama papo hapo. Hata hivyo, nayaunga mkono mabadiliko hayo kwa dhati. Amri ya UPDATE inaweza kubadilisha safu mlalo tatu, au moja, au isiguse hata moja, na orodha ndiyo inayolisema hilo waziwazi: ikiwa tupu, hakuna kilichobadilika. Anayekimbilia kipengele cha kwanza bila kukagua urefu wa orodha anajitafutia hitilafu.

Kigeu kinachopokea jibu la kawaida la prosija ya PL/SQL, lugha ya programu za ndani ya Oracle, bado hurudisha thamani moja. Nawasihi wanaotunza mafunzo ya zamani wayarekebishe, na wataje toleo la maktaba juu ya kila mfano.

Wako mwaminifu,
Msomaji