Jiwe la wanahewa wa Kipevu lisichongwe kwa pupa

Mhariri,

Tupe nafasi gazetini mwako tuwasemee wanahewa walioruka kutoka Kipevu, hapa Mombasa, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wasirudi, na tuwashauri watakaowachongea jiwe la kumbukumbu. Ndege zao zilikuwa Catalina za kutua majini, zenye injini mbili na mabawa ya mita 31 na ushei, zikibeba mabomu ya kulipukia chini ya maji. Kikosi nambari 259 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilifufuliwa hapa Kipevu Februari 1943. Tarehe 20 Agosti mwaka huo, Catalina yake moja na nyingine ya kikosi cha 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani, U-197, kusini mwa Madagascar.

Aliyepotea baharini hana kaburi. Majina ya wanahewa wa namna hiyo waliotumikia Afrika Mashariki yamechongwa Alamein, Misri, kwenye mnara uliozinduliwa 1954. Ni mbali mno na maji waliyoondokea. Jiwe liwekwe wapi? Tunapendekeza ufuo wa Mama Ngina, panapoelekea mlango wa Kilindini, na kila ndege iwe na jiwe lake lenye majina yote. Sanamu ya askari iliyoko Barabara ya Jomo Kenyatta inawasifu askari na wapagazi wa vita vya kwanza bila kumtaja hata mmoja kwa jina. Inauma, na haifai kurudiwa.

Kwenu mtakaolichonga, kazi kubwa iko kwenye majina. Orodha za kunakiliana zina makosa. Anzeni na daftari la kikosi, lililoko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika mafaili ya AIR 27. Humo, fomu 540 ni muhtasari wa mwezi. Mnayoihitaji ni fomu 541: waliopanda, nambari ya ndege, saa ya kuondoka. Catalina kwa kawaida ilichukua watu 8 au 9, lakini mwanafunzi au abiria aliweza kuongezeka, kwa hiyo hesabuni majina, msikisie. Kisha kila jina lilinganishwe na kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kwa nambari ya jeshi, maana akina Smith ni wengi.

Tarehe huponza wengi. Safari ikiandikwa kwa saa za Greenwich, ndege iliyoondoka 22:30 tarehe 14, kwa saa zetu za leo imeondoka saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Chongeni tarehe ya kumbukumbu rasmi. Pia vikosi vilitawanya ndege zao hadi Afrika Kusini, na cha 259 chenyewe kilihamia Dar es Salaam kabla 1943 haijaisha. Msiandike "waliruka Kipevu" mpaka daftari liseme hivyo.

Kuhusu jiwe lenyewe: matumbawe hunyonya chumvi na kumomonyoka, herufi zikafutika. Shaba huvutia wezi wa vyuma chakavu. Tumieni itale, herufi zichimbwe milimita 3 au zaidi, zisiwe za rangi tupu. Vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Mafundi wengi huweka vipande vya nondo kwa sababu ni rahisi. Hewa ya bahari huviozesha, kutu ikavimba, jiwe likapasuka kutoka ndani. Vyeo na herufi za majeshi yao, kama RCAF kwa Wakanada, zibaki zilivyo; maelezo mengine yawe kwa Kiswahili kwanza.

Na wavuvi au wapiga mbizi watakaokuta mabaki ya ndege: wasiguse wala kung'oa kitu. Mabomu yale huweza kuwa hai mpaka leo, na huenda humo ndimo walimolala wanahewa wenyewe. Waandike mahali walipo, wapeleke habari kwa wanamaji Mtongwe na Makumbusho ya Taifa, Fort Jesus. Nambari iliyo kwenye bodi ya ndege, ikipigwa picha ikiwa papo hapo, yaweza kutupa majina ya wote waliokuwamo.

Wasomaji wenu,
Kizingo, Mombasa