Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Kabla hatujachomeka bajaji kwenye LUKU

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe chetu kiko Mbagala, Dar es Salaam. Nakuandikia juu ya bajaji na magari ya umeme. Kila likizungumzwa jambo hili, nasikia ikisemwa kwamba wananchi tunasita kwa kukosa elimu. Mnatutibu ugonjwa tusioumwa. Betri ya bajaji inayobeba uniti 8 za umeme, hata ukiijaza kwa umeme wa bei ya juu wa Sh356 kwa uniti, haifiki Sh3,000. Hiyo ni kama pesa ya lita moja ya petroli. Hakuna dereva anayeshindwa kuliona hilo, maana kila jioni tuna hesabu ya tajiri ya kupeleka.

Kinachotusitisha ni yale ya gesi, bado hatujayasahau.

Tuliambiwa tuhamie gesi, na gesi ni yetu, inatoka Songosongo na Mnazi Bay, kilo Sh1,550 huku petroli ikipaa. Watu wakaenda kufunga mifumo, wengine kwa mkopo wa kikoba. Magari yakawa mengi kuliko vituo, na waliowahi kukesha kwenye foleni ya gesi Ubungo wanajua ninachosema: pesa umeokoa, usingizi umeupoteza. Hilo tulilivumilia. Kisha bajeti ya 2024/25 ikaja na pendekezo la tozo ya Sh382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, kwa hoja kwamba gari la gesi nalo linachakaza barabara. Sitaki kufufua mjadala ule, na hoja yenyewe si ya kijinga, barabara haijali gari limekunywa nini. Ila mfikirie mtu ambaye mkopo wa mtungi hajaumaliza, halafu anasikia bungeni kwamba ule unafuu uliomfanya akope unataka kumegwa.

Sasa tukija kwenye umeme, fedha za kutunza barabara ziko ndani ya lita ya mafuta. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017, iliingizwa humo humo, Sh40 kwa lita. Mwaka 2023 ikaongezwa Sh100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa. Mwenye bajaji ya umeme hapiti sheli, kwa hiyo hayo yote hayamgusi. Serikali haiwezi kuliacha hivyo milele, wala sidhani inapaswa. Tunachotaka kujua ni lini, kiasi gani na kwa njia ipi. Kuhusu njia, kijiweni wameshajijibu: LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Mpangaji akinunua umeme analipia jengo la mtu, kisha ndiyo aanze kubembeleza apunguziwe kwenye kodi ya pango. Walioweza hilo watashindwa la barabara?

Na hiyo LUKU ina jambo jingine ambalo sijasikia likizungumzwa kwenye makongamano ya nishati safi. Nyumba niliyopanga tuko familia tatu, mita moja. Tunajibana tusivuke uniti 75 kwa mwezi, kwa sababu humo ndani uniti ni Sh122 pamoja na kodi zake, na ukihamishwa kundi la bei unakwenda kwenye hiyo Sh356. Kwa hiyo pasi yetu ni ya mkaa, friji hakuna, na mama mwenye nyumba amebandika karatasi nyuma ya geti: HITA NA JIKO LA UMEME MARUFUKU. Mpangaji wa chumba cha mbele aliwahi kuleta birika la umeme, kikao kikaitwa usiku huo huo. Mheshimiwa, niingize bajaji humo? Chaji 9 tu zinameza uniti 72. Kabla mwezi haujafika katikati nyumba nzima imeshatolewa kwenye umeme wa Sh122, na mama wa chumba cha nyuma, ambaye hata bajaji yangu hajawahi kuipanda, taa yake imepanda bei karibu mara tatu kwa sababu yangu. Nitamwamkia kwa uso gani?

Mwenye geti lake, mita yake na paa la kuweka sola, chombo cha umeme kinamfaa hata kesho asubuhi. Ila wanaoendesha bajaji na bodaboda mji huu, wengi wao si hao.

Utaniambia kuna mpango wa kubadilishana betri: unaacha iliyokwisha, unaondoka na iliyojaa. Ni mpango mzuri, naupenda. Tatizo ni kwamba betri ya kampuni hii haiingii kwenye chombo cha kampuni ile, na siku kampuni ikifunga virago umebaki na chuma cha kuuzia wa skrepa.

Kuhusu umeme kutosha, sina ugomvi. Bwawa la Nyerere, kule Rufiji, lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, na giza la mgao wa 2023 tunaliombea lisirudi. Lakini umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja, kufika kwenye soketi ni jambo jingine. Rais mwenyewe, Machi 2025, alieleza kwamba Kanda ya Kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia unaopitia Kenya, kwa sababu wa kwetu mwingi unapotea njiani kabla ya kufika huko. Mtaani kwetu transfoma ni moja, ikifika saa mbili usiku taa zinafifia kila mtu anaona. Huo ndio muda ambao bajaji zinarudi kulala.

Woga wa maji, kwamba mafuriko ya Jangwani yatawapiga watu shoti, mimi siuamini. Betri hizo zimezibwa, na gari la petroli likiingia kwenye maji yale injini yake inakufa vilevile.

Wenye ndoto ya gari dogo wana lao la kuogopa, na hapo nawaunga mkono. Wengi wanaangalia Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani. Zile za mwanzo, za mwaka 2011, zina betri ya uniti 24 isiyo na mfumo wa kuipoza, na joto linaila taratibu. Arizona, Marekani, wenye magari hayo walishalalamika mwaka 2012, na joto la Dar ya Februari sina haja ya kukusimulia. Nenda yadi yoyote, dalali atakuonyesha matairi na redio. Yeye hakuonyeshi vile vijistari 12 pembeni ya dashibodi vinavyozimika kimoja kimoja kadiri uwezo wa betri unavyoshuka. Na mjanja mwenye kompyuta anaweza kuvirudisha vyote viwake kwa muda, mpaka pesa yako iishe kuhesabiwa. TBS, shirika la viwango, ndio wenye dhamana ya ubora wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Cheti cha ukaguzi kiandike uwezo wa betri uliobaki, uliopimwa na mtu asiyeuza gari hilo.

Mengine ninayoomba yanahusu wizara yako na mwenzako wa Fedha. Vyombo vya umeme viwe na mita yake peke yake, yenye bei yake, isiyogusa uniti 75 za nyumba. Hata ikiwekwa moja tu pale kijiweni, tokeni tutanunua kwa simu na nguzo tutaichangia. La barabara tuambiwe mapema: mwenye bajaji ya umeme atalipa kiasi fulani kuanzia mwaka fulani, na kwa miaka mitano hakitaguswa, ili anayekopa leo ajue marejesho yake yatakuwaje. Liandikwe kwenye Gazeti la Serikali. Kauli ya jukwaani tutaipigia makofi, lakini afisa mikopo haipokei.

Tajiri wangu ana bajaji sita za petroli, mbili zimeshachoka. Ameniambia hazibadilishi kwa sasa. Anasubiri Juni asikilize bajeti, ndipo aamue anunue za nini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Dereva wa bajaji, Mbagala

Nakala: Waziri wa Fedha
Mkurugenzi Mkuu, EWURA