Riwaya ngumu siyo riwaya mbovu

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Kuna watu kila ikitajwa Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, wanasema ooh haieleweki, jamaa alipotea njia, mbona riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilikuwa safi. Mi nakataa. Nagona (1990) nimeisoma mara tatu, ya kwanza niliiacha katikati kwa hasira, ya pili nikaenda polepole kama mtu anayesoma shairi, ndo nikashtuka kumbe ni kitabu chembamba lakini kimebeba maswali ya kifo, ukweli na Mungu yaani yote humo humo, na Kiswahili chake kitamu mpaka unarudia sentensi kwa sauti. Afu nikaingia Mzingile, nayo ya Kezilahabi, afu Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ile mzimu wa babu unamjia K, mkubwa serikalini, kumwonyesha nchi ilivyooza. Niliisoma usiku nikashindwa kulala.

Kinachoniuma ni maduka ya vitabu, ukiuliza riwaya hizi unaambiwa hazipo, kuna za mtihani tu. Mhariri, tengeni basi hata ukurasa mmoja Jumapili wa wasomaji kujadili hivi vitabu.

Msomaji wenu, Morogoro